Nimeipiga Msasa Bunduki ya Baba Mkwe

Shangazi yangu wa gazetini, shikamoo. Nisamehe karatasi kujaa vumbi la mbao, naandikia kwenye meza ya kazi kwa sababu nyumbani siwezi kuandika, mke wangu ananiangalia kwa jicho la kunihesabia siku. Nimekwama, nahitaji unisaidie, na nitakueleza yote bila kuficha, hata kama mengine ni ya aibu kwa mtu mzima mwenye ndevu.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko nyuma ya nyumba, natengeneza vitanda, makabati na meza za kulia, na nikijisifu kidogo, kwenye meza zangu unaweza kujitazama meno. Nimeoa mwaka wa sita huu, na kwa miaka yote hiyo baba mkwe hajawahi kuniita kitu kingine zaidi ya "fundi". Yeye alikuwa mkaguzi wa shule mpaka alipostaafu, na nadhani alimtakia binti yake mtu wa tai. Siku ya harusi alisimama kutoa neno, akasema, "Leo binti yangu anaolewa na fundi," akakaa, watu wakasubiri aendelee, hakuendelea. Nikimpigia simu anasema, "Nani? Aa, fundi. Ngoja nikupe mama yako."

Sasa, miezi miwili iliyopita, Jumamosi asubuhi, mzee akaja karakana mwenyewe, begani ana mfuko mrefu wa turubai, akaufungua juu ya meza yangu, na ndani yake mlikuwa na ile bunduki yake ya kuwindia ambayo nilikuwa naisikia tu kwenye masimulizi ya mke wangu. Kwenye kitako chake cha mbao palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Akasema, "Mafundi bunduki wa siku hizi wanataka kunibadilishia mbao nzima. Mimi sitaki mbao nyingine, nataka hii hii. Wewe mbao unaijua. Ziba ufa tu." Shangazi, alisema ziba ufa tu. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo ili usije ukasema nilikuficha.

Kabla sijafika kwenye kosa lazima nikueleze hiyo bunduki, maana bila hivyo utaniona mwehu. Siyo kama hizi za sasa zenye plastiki nyeusi. Hii ni ya wenzo, ilitengenezwa kabla baba yangu hajazaliwa, chini ya kifyatulio kuna wenzo wenyewe, chuma kilichopinda kama mpini wa mkasi mkubwa, unaingiza vidole humo, unakisukuma mbele na kukirudisha, krrr-chak, ganda linatoka na risasi nyingine inaingia, yote hayo bila kuishusha bunduki begani, na ingawa ni kuukuu hivyo bado inateleza kama droo iliyopakwa nta. Ni nyembamba, ukiishika katikati inakaa mkononi yenyewe bila kuegemea upande, na chuma chake kimefifia weusi pale tu mkono wa mzee ulipokuwa ukishika. Mimi sijawahi kuwinda hata panya, lakini niliposikia ile krrr-chak mara ya kwanza nilisisimka mpaka kwenye soksi.

Ubaya wake wote alinitajia mzee mwenyewe, na aliutaja kwa fahari, kama mzazi anayesimulia utundu wa mtoto wake. Risasi zake siku hizi hazipatikani, muuza duka wa mwisho alimwuliza kama anatafuta za kuweka makumbusho. Zinakaa ndani ya bomba chini ya mtutu, zimejipanga foleni, pua ya hii imegusa tako la ile, kwa hiyo haziruhusiwi kuwa na ncha kali, la sivyo moja inaweza kuichokoza mwenzake humo humo bombani na hapo hutapata wa kumsimulia, na risasi butu nayo haifiki mbali. Darubini ya kulengea haikai vizuri, maana maganda yanarukia juu, na siku moja ganda la moto lilimwingia mzee kwenye kola ya shati, akaruka na kupiga kelele mpaka swala wote wa bonde zima wakajua alipo. Ukilala kifudifudi ili ulenge, wenzo unagonga ardhi kabla haujafunguka. Kitufe cha usalama hakuna, ni kuirudisha nusu tu ile nyundo yake inayogonga risasi na kumwomba Mungu. Na kila alipomaliza kutaja ubaya mmoja alikuwa anaivuta tupu, krrr-chak, anatabasamu.

Halafu akasema, "Siku moja itakuwa yako, ukipata kibali. Hawa vijana wengine wa ukoo hawana mkono wa vitu vya zamani, mwanangu." Mwanangu, Shangazi! Nilichukua randa nikajifanya nachonga kipande cha mbao ambacho hakikuwa na kazi yoyote, ili asinione macho.

Akaniachia bunduki bila risasi hata moja, nikaifungia kwenye kabati la zana, na tangu siku hiyo kila Jumamosi anakuja, anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, ananisimulia mambo ya porini alikokuwa akienda na kaka yake, marehemu sasa, ambaye mke wangu alikuwa akimwita baba mkubwa. Ufa ungezibika kwa siku moja, lakini nakiri nilivuta vuta muda kwa sababu nilipenda aje. Hatimaye nikauziba, nikauziba vizuri, ukiutafuta kwa ukucha huupati, na hapo ndipo ningeishia. Lakini mimi ni mtu wa meza. Niliitazama ile mbao nikaona imejaa weusi wa jasho, mafuta, mikwaruzo, na upande wa chini imechanjwa chanjwa ovyo, nikasema moyoni siwezi kumrudishia baba mkwe kazi chafu namna hii, atasema fundi ni fundi tu, na mkono ukaanza kuniwasha, nikachukua msasa namba themanini nikagusa kidogo tu pembeni, mbao ikatoka nyekundu nzuri ajabu, basi nikaongeza kidogo, nikaenda namba mia na ishirini, zile chanjo nikazijaza unga wa mbao na gundi, nikasawazisha, nikamalizia na msasa laini, nikapiga vanishi ya kung'aa mikono mitatu, na nilipomaliza niliiweka dirishani nikaitazama kwa nusu saa nzima nikiimba.

Mke wangu akaja na chai. Akaishika, akaigeuza, akaniuliza, "Alama za baba ziko wapi?" Nikamwuliza alama gani. Akasema, "Zile kumi na saba za chini." Nikamwambia zile chanjo nimezitoa, sasa ni safi. Akakaa juu ya gunia la maranda, akaanza kucheka, akacheka sana, halafu akaacha ghafla, na alipoacha ndipo nilipoogopa.

Kumbe mzee na kaka yake walikuwa na sheria yao. Wawindaji wengine huchanja alama kwa kila mnyama waliyempata, hawa wawili walichanja kwa kila aliyekoswa. Ukikosa shabaha unachukua kisu unajichanja mwenyewe kwenye kitako cha bunduki yako, na mwenzako anasimama anakucheka mpaka umalize. Kumi na saba ndizo mzee alizokosa kwa maisha yake yote, na tatu za mwisho hakuzichanja yeye, zilichanjwa na kaka yake, kwa sababu mzee alitaka kudai eti jua lilimwingia machoni. Bunduki ya kaka yake ilishazama mtoni zamani. Kwa hiyo mkono wa marehemu uliobaki duniani ulikuwa ni zile alama tatu, na mimi nilizijaza unga wa mbao.

Tangu hapo ni Jumamosi ya tatu namdanganya. Nilimwambia gundi haijakauka, ikiguswa ufa utafunguka. Ya pili nikasema ni unyevunyevu wa hewa. Ya tatu akaniuliza, "Gundi gani hiyo, mwanangu, imechanganywa na mvua?" nikacheka peke yangu. Sasa amesema Jumamosi hii anaichukua, ikauke isikauke. Nimejaribu kuchanja alama bandia kwenye vipande vya mbao, nikavilowesha kwenye chai ya rangi vionekane vya kale, vingine vinakaribia kabisa. Jirani yangu mchomeleaji anasema nisingizie moto. Mke wangu anasema hili ni langu, yeye hatanisemea. Shangazi, nichanje zile alama upya na kunyamaza? Nimsingizie nani? Au niende kumwambia ukweli nirudi kuwa "fundi" mpaka naingia kaburini? Tafadhali nijibu kwenye gazeti la Alhamisi hii, na jina langu usilitaje.

Ni mimi,
Mtu wa Meza


SHANGAZI ANAJIBU

Mtu wa Meza, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilifika kwenye zile alama tatu, nikavua miwani.

Kwanza nikugombeze ili tumalizane. Uliambiwa ziba ufa tu. Maneno matatu, na wewe mwenyewe umeyaandika mara mbili, kwa hiyo uliyasikia. Shida yako si msasa. Shida yako ni kwamba miaka sita umekuwa ukitafuta kumwonesha yule mzee kuwa fundi ni mtu, na alipokupa nafasi ukataka kumwonesha yote kwa siku moja. Nakuelewa, na ninakuonea huruma kwa hilo, maana harusini alikuaibisha. Lakini mtu akikuletea kitu chake cha zamani na kukwambia anataka hiki hiki, hakuombi kioo cha kujitazama meno.

Mimi bunduki sizipendi, hata za watoto za maji. Basi nikampigia simu mzee mmoja aliyekuwa fundi bunduki kabla macho hayajamgomea. Nilipomweleza akauliza, "Msasa namba ngapi?" Nikamwambia themanini. Akasema, "Pole," na mpaka sasa sijui alikuwa anampa nani kati yetu. Anasema ule weusi ulioukwangua haukuwa uchafu, ni kazi ya mikono na mafuta ya miaka, na hakuna anayeuza kitu hicho. Anasema tena ukichunguza pale mbao inapokutana na chuma utaona mbao sasa imeshuka chini ya chuma, kama sakafu isiyofika ukutani. Nenda kaangalie. Najua umeshaenda.

Akaniambia pia uache kuivuta vuta tupu. Hukuandika kwamba unaivuta ukiwa peke yako, lakini mtu aliyesisimka mpaka kwenye soksi siwezi kumwamini. Ukiiachia nyundo igonge hewa kila siku utavunja kipini cha ndani, na vipuri vyake viko huko huko ziliko risasi zake. Hiyo ndiyo hali ya vitu hivi. Vinapendeza kwa sababu vilitengenezwa na mtu aliyekuwa na muda, vinasumbua kwa sababu mtu huyo hayupo tena. Ukija kurithi bunduki hiyo, ujue unarithi na usumbufu wake wote, na pengine hutafyatua hata risasi moja. Kama unachokipenda ni mlio wake, tengeneza kabati lenye komeo zuri.

Halafu kuna jambo la sheria, na hapa sitanii. Kibali kina jina la mzee, na bunduki iko kwako, kwenye kabati la nyundo na misumari. Mzee naye amefanya kosa kukuachia, mwambie Shangazi kasema. Usiibebe begani kupita nayo mtaani ukienda kuomba msamaha, utaishia kuuomba kwenye kituo cha polisi. Utakwenda mikono mitupu, na mwenye kibali atakuja kuichukua mwenyewe.

Sasa maswali yako. Alama bandia, hapana. Vile vipande ulivyolowesha kwenye chai vichome leo, vyote, hata vile vinavyokaribia kabisa, hasa hivyo. Ukichanja zile tatu utakuwa umeghushi mkono wa marehemu ili umdanganye ndugu yake, na siku akigundua, "fundi" litakuwa jina la heshima kuliko atakalokuita. Moto, hapana, na jirani yako mwambie aendelee na mageti. Mkeo yuko sahihi, usimtume. Huyu ni mke wa kushika kwa mikono miwili, ingawa nadhani alicheka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Umeuliza kama ukisema ukweli utarudi kuwa "fundi". Hebu tulia hapa kidogo. Baba mkwe wako alikuwa mkaguzi wa shule. Miaka yake yote ya kazi amekaa mbele ya walimu wakuu wanaomweleza kwa nini choo hakina mlango, kwa nini chaki zimeisha, kwa nini darasa la nne lote linaumwa siku moja. Unadhani mtu huyo hajui gundi ya mbao hukauka kwa siku ngapi? Alijua Jumamosi ya kwanza. Alikuuliza kuhusu mvua, na ndani ya swali hilo hilo bado akakuita mwanangu, umeandika mwenyewe. Anajua umeharibu kitu, hajui tu ni nini, na Jumamosi tatu amekuja kukaa kwenye kile kigoda akikusubiri useme. Mtu hasubiri namna hiyo kwa ajili ya mbao. Anataka kujua atakapokufa anamwachia nani vitu vyake, mtu anayesema au mtu anayeficha. Msasa umeshapita, hilo huwezi kulirudisha. Hili la pili bado liko mikononi mwako.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utakwenda kwake, usimsubiri aje. Mama akikupokea usijifiche nyuma ya chai yake. Ukikaa, neno la kwanza liwe, "Baba, nimeharibu." Usianze na hali ya hewa. Usiseme mbao ilikuwa chafu. Mwambie msasa, mwambie vanishi, halafu mwambie zile alama, na tatu za kaka yake uzitaje peke yake, asije akalazimika kukuuliza. Kisha nyamaza. Akikasirika mwache akasirike, ni haki yake, na usilie kabla yake.

Vanishi usiiguse mpaka aseme. Fundi wangu wa simu anasema inaweza kuondolewa kwa dawa bila msasa, mbao ikabaki wazi, ikapakwa mafuta ya kitani kidogo kidogo, na baada ya miaka itaanza kuwa nyeusi tena. Huo ni uamuzi wa mwenye bunduki. Akitaka iondolewe, mwombe akae kwenye kigoda akuangalie, na umwombe akusimulie zile kumi na saba, moja moja, ilikuwa wapi, alikosa nini, kaka yake alicheka vipi. Uziandike. Wewe unayeweza kupima mlango kwa jicho huwezi kushindwa kuandika mambo kumi na saba. Hakuna mtu mwingine anayezijua, na umri wake unaujua.

La mwisho, na hili ni la haraka. Uliniomba nikujibu Alhamisi na nisikutaje jina. Nimetii yote mawili, jina lenyewe hukuniandikia. Lakini hebu jiulize, hapo mlipo kuna maseremala wangapi ambao baba mkwe wao ni mkaguzi wa shule mstaafu mwenye bunduki ya wenzo iliyopasuka kitako? Mkaguzi mstaafu asubuhi hana kazi zaidi ya chai na gazeti, na wakaguzi ninaowajua mimi husoma kuanzia ukurasa wa kwanza, hawaruki hata matangazo ya vifo. Sisi tuko ukurasa wa kumi na nne.

Weka gazeti chini, vaa shati safi, nenda.